Joto si halijoto: kwa nini mafuta ya nazi huganda Njombe

Mwaka jana, mwezi wa sita, nilimtumia dada yangu aliyeko Njombe chupa mbili za mafuta ya nazi kutoka Tanga. Nazi zilikunwa kwenye mbuzi ya jirani nikiwa nimekaa pale pale, tui likapikwa polepole mpaka likatoa mafuta, yakachujwa kwa kitambaa. Yalikuwa maangavu kama maji. Siku tatu baadaye simu ikalia.

"Kaka, umeibiwa," akasema hata kabla ya salamu. "Wamekuchanganyia mafuta ya mgando. Yamekuwa meupe, magumu, hata kwenye chupa hayatoki."

Hakuna aliyeniibia. Mafuta ya nazi huganda halijoto ikishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi za Selsiasi. Tanga mchana huwa juu ya hapo hata mwezi wa sita, kwa hiyo sisi wa pwani tunayajua kama kimiminika tu. Alfajiri ya Julai yanaweza kuingia ukungu kidogo, jua likipanda yanarudi. Njombe, majira hayo, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mafuta ni yale yale, yamebadilishiwa mji.

Nikamwambia aitumbukize chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Robo saa haikuisha akapiga tena: yameyeyuka. Ila alikuwa na swali. Kabla ya kunipigia mara ya kwanza alikuwa amejaribu kiberiti. Aliwasha njiti tatu, moja baada ya nyingine, akazishikilia karibu na shingo ya chupa mpaka moto ukamfikia vidole. Akapata tone moja. "Kiberiti kinaunguza," akasema, "na maji haya naweza kukaa nayo mkono ndani. Imekuwaje yenye nguvu ni maji?"

Nililijibu kwenye simu kwa haraka haraka, vibaya. Nalijibu hapa kwa nafasi, maana ukilielewa swali hilo umeelewa sehemu kubwa ya yale yanayotokea vitu vikipashwa moto, viwe vigumu, vya majimaji au vya hewa.

Neno moja, mambo mawili

Katika maongezi yetu ya kila siku neno ni moja, joto, na linabeba mambo mawili. Tunasema "leo joto ni nyuzi 32", tunasema pia "funika chakula kisipoteze joto". La kwanza ni kipimo. Vitabu vya shule hukiita halijoto, vingine jotoridi. La pili ni nishati inayohama, kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Hakuna njia nyingine: ukiliacha lenyewe, joto halipandi mlima.

Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, atomi na molekuli, na hakuna hata moja iliyotulia. Halijoto inatueleza chembe hizo, kwa wastani, zinahangaika kwa ukali kiasi gani. Haiulizi ziko ngapi. Joto linauliza.

Rudi kwenye njiti. Mwali wa kiberiti una mamia ya nyuzi, lakini njiti nzima ikiungua hadi mwisho inatoa takriban kilojuli 1 tu ya nishati, na sehemu kubwa ya hiyo inapotelea hewani. Beseni la lita 5 likipoa kutoka nyuzi 45 hadi 35 linatoa zaidi ya kilojuli 200. Dada yangu angehitaji njiti mia mbili, na kila moja ingebidi iingize joto lake lote kwenye chupa bila kupoteza chochote. Ndiyo maana pia fundi wa mageti anakata chuma kwa grainda huku cheche zinamrukia mikononi, naye anaendelea kupiga soga. Kila cheche ina halijoto inayopita nyuzi 1,000. Ni ndogo tu kiasi kwamba joto lake halitoshi kuunguza ngozi. Macho ni habari nyingine; avae miwani.

Mkono wetu ni shahidi wa uongo katika kesi hii. Usiku wa manane shuka kitandani, mguu mmoja ukanyage mkeka, mwingine sakafu ya saruji. Utaapa kwamba sakafu ni ya baridi kuliko mkeka. Pima kwa kipimajoto utakuta halijoto ni moja, maana vyote vimelala chumba kimoja tangu jioni. Saruji inapitisha joto upesi, kwa hiyo inaunyonya mguu wako kwa kasi. Ukindu hauna haraka hiyo. Ngozi inahisi joto linavyoitoka na linavyoiingia, kisha tunasema tumepima halijoto.

Bati linalolia jioni

Vitu vigumu, ambavyo vitabu huviita yabisi au mango, vinapopashwa hutanuka. Kwa kiasi kidogo sana, na kwa nguvu kubwa sana.

Anayelala chini ya paa la bati anaijua sauti hiyo. Jua likishazama, huko juu kunaanza: tak. Kimya. Tak, tak. Utotoni tuliambiwa kuna wageni wa usiku wanatembea darini, nasi tukajifunika shuka hadi kichwani. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3, likipoa nyuzi 30 kutoka adhuhuri hadi usiku, hupungua urefu kwa milimita 1 hivi. Misumari inalizuia lisisogee, mkazo unajikusanya, kisha kipande kinateleza ghafla. Hiyo ndiyo nyayo ya mgeni.

Kwa nini kitu kigumu kitanuke? Chembe zenyewe hazinenepi, kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya kwenye mtihani. Chukua watu waliojipanga mstari, bega kwa bega. Ngoma ikilia kila mmoja akaanza kucheza palepale aliposimama, mstari utarefuka ingawa hakuna aliyeongezeka kilo. Chembe za yabisi zinashikana na jirani zake, na mshikamano huo una tabia ya kutokuwa sawa pande zote: kuzisogeza mbali kidogo ni rahisi kuliko kuzibana zikaribiane. Zikitikisika zaidi, wastani wa nafasi kati yake unaongezeka.

Kiasi hutegemea kitu chenyewe. Kwa kila nyuzi moja, chuma hurefuka sehemu 12 hivi kati ya milioni, alumini 23, glasi ya kawaida 9, zege kati ya 10 na 12. Tazama tena hapo: zege na chuma ni karibu sawa. Kama nondo ingetanuka kama alumini, kila nguzo na kila dari ya ghorofa ingejipasua yenyewe ndani ya misimu michache ya jua. Hakuna mhandisi aliyezipangia atomi za chuma zilingane na za saruji. Ni bahati tu, na miji yetu yote imeiegemea.

Kwenye reli, milimita zinageuka kuwa sentimita. Kilomita moja ya chuma ikipanda nyuzi 30 inataka kurefuka sentimita 36. Mafundi wa zamani, kama wale waliotandika reli kutoka Mombasa hadi ikalifikia Ziwa Victoria mwaka 1901, waliacha nafasi kati ya kipande na kipande, na magurudumu yakipita hapo ndipo mlio wa treni ulipozaliwa, ule watoto wanaouigiza kwa mdomo. Reli mpya za kiwango cha kimataifa, ya Mombasa hadi Nairobi na ile inayotoka Dar es Salaam, zimeungwa kwa kuchomelewa na mlio huo hausikiki. Chuma bado kinataka kutanuka. Kinazuiwa kwa mataruma mazito ya zege na kokoto, na ile nia ya kurefuka inabaki ndani kama mkazo. Njia isipotunzwa, siku ya jua kali mkazo unashinda na reli inajipinda kama nyoka.

Tundu nalo hutanuka, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka waone. Fundi wa gereji akitaka kuingiza beringi inayokataa kupita kwenye shafti, huipasha moto kwanza: chuma kinatanuka na tundu lake linakuwa pana pamoja nacho. Kifuniko cha chupa ya jemu kilichong'ang'ania ni vivyo hivyo. Kimwagie maji ya moto. Chuma kitatanuka kuliko glasi, kitaachia.

Na glasi inayopasuka ukiimiminia chai? Ngozi ya ndani inapata moto na kutanuka wakati ya nje haijapata habari. Glasi nene ndiyo huathirika zaidi, kwa kuwa habari inachelewa kufika. Ukikumbuka hilo utaacha kununua glasi nene kwa sababu eti ni imara.

Petroli ya alfajiri

Vimiminika hutanuka zaidi ya yabisi, maana chembe zake zimeshalegeza mshikamano na zinateleza zikipishana. Petroli huongezeka karibu sehemu 1 kati ya 1,000 kwa kila nyuzi moja. Lita 10,000 ndani ya lori zikipanda nyuzi 10 njiani zinakuwa kama lita 95 zaidi, bila tone moja kuongezwa. Ndiyo sababu biashara ya mafuta kwa jumla hurekebisha hesabu kwenye halijoto ya rejea, mara nyingi nyuzi 15 au 20.

Hapo ndipo kilipotoka kile kisa cha vijiwe vya bodaboda, kwamba ukinunua petroli alfajiri unapata nyingi kwa bei ileile. Hesabu ina ukweli, ila matangi ya vituo yamefukiwa ardhini, na huko chini halijoto haibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Hata tukubali tofauti ya nyuzi 5, kwa lita 20 faida haifiki lita 0.1. Lala.

Maji yana ukaidi wake. Yakipoa hunywea kama wenzake mpaka nyuzi 4, kisha yanageuza njia na kuanza kutanuka. Yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, kwa sababu molekuli zinajipanga kwenye umbo lenye uwazi mwingi katikati. Barafu inaelea kwa sababu hiyo. Chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza inapasuka kwa sababu hiyo. Juu kwenye Mlima Kenya na Kilimanjaro, maji yanayoingia kwenye nyufa za mawe mchana yanaganda usiku na kuyapasua mawe, usiku baada ya usiku.

Joto linaloingia na halionekani

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na inayoweza kukupunguzia gharama ya gesi.

Chukua sufuria yenye lita 1 ya maji ya nyuzi 25, weka jikoni, tumbukiza kipimajoto. Halijoto itapanda: 40, 70, 95. Ukiwa pwani itafika 100 na maji yatachemka. Kisha itasimama. Moto ni uleule, joto linaendelea kuingia, lakini kipimajoto kimekwama kwenye 100 mpaka tone la mwisho liishe. Joto linakwenda wapi?

Linafanya kazi ya kuzing'oa molekuli kutoka kwenye mikono ya wenzake. Kuyafikisha maji hayo kwenye nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 314. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji kama 2,257 zaidi, mara saba ya kile ulichotumia kuyachemsha. Kuyeyusha barafu ni hivyo hivyo kwa kiasi kidogo zaidi: kilo 1 hunyonya kilojuli 334 huku halijoto ikibaki sifuri. Mwanasayansi wa Uskoti, Joseph Black, aliligundua hili katika karne ya 18, akaliita joto lililofichika, na jina likabaki.

Maana yake jikoni ni hii. Maharage yakishachemka, moto mkali hauyapiki haraka. Maji yanayotokota kwa fujo yako nyuzi 100, na yanayotokota kwa utaratibu yako nyuzi 100. Gesi yote ya ziada inatumika kutengeneza mvuke unaolowesha dirisha. Punguza moto, funika. Mama zetu walikuwa wanavuta kuni nje ya mafiga kitu kikishachemka, bila kusoma kilojuli hata moja.

Maana nyingine: mvuke unaunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ukigusa ngozi unageuka kuwa maji, na katika kugeuka unarudisha zile kilojuli zote ulizobeba, hapo hapo kwenye mkono wako.

Ile 100 yenyewe si amri ya mbinguni. Maji huchemka pale presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa iliyo juu yake, na kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe, iliyo juu zaidi kidogo, ni chini ya hapo. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama 80 tu. Kwa hiyo maharage ya bara yanachelewa kuiva kuliko ya Tanga, na wapishi wa wapanda mlima wanalijua hilo vizuri. Sufuria ya presha inafanya kinyume: inafungia mvuke ndani, presha inapanda, maji yanakataa kuchemka mpaka karibu nyuzi 120, na githeri iliyokuwa ya nusu siku inakuwa ya chini ya saa moja.

Mitungi miwili

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na mtungi wa udongo kwenye kona ya ukumbi, umekaa juu ya kigoda chake, na kata ya kifuu ikining'inia ukutani. Maji yake yalikuwa ya baridi wakati wote, hata umeme ukatike wiki nzima. Udongo uliochomwa una vinyweleo. Maji yanavuja taratibu hadi nje na kukauka. Molekuli zinazoruka ni zile zenye kasi kubwa, zinazobaki ni zile za polepole, na kila gramu inayoondoka inabeba joto lake lililofichika kutoka kwenye maji yaliyobaki. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa ajili ya urembo haupoozi kitu, umezibwa pua.

Jasho ni mtungi huo huo tuliouvaa. Dodoma yenye nyuzi 32 unaivumilia, Mombasa yenye nyuzi 32 inakulegeza viungo, na kipimajoto kinasema ni sawa. Hewa ya pwani imeshashiba mvuke, jasho halina pa kwenda, linatiririka mgongoni badala ya kukauka. Jasho linalotiririka halikupoozi.

Mtungi wa pili ni wa gesi. Tunauita wa gesi, lakini ukiutikisa unasikia kitu kinacheza ndani: ni kimiminika. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo kwa presha ya kawaida ya hewa zingechemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na karibu sifuri, mtawalia. Presha ya mtungi inazishikilia zikiwa majimaji. Ukifungua valvu, presha inapungua na kimiminika kinachemka. Ndiyo, kinachemka, pale jikoni kwako, bila moto chini yake. Joto la kuchemkia kinalichukua kwenye chuma cha mtungi.

Jaribu siku ya pilau kubwa, plate zote zimewaka. Pitisha kiganja kutoka juu ya mtungi kwenda chini. Juu ni chuma cha kawaida. Mahali fulani kiganja kinakutana na mstari, na chini ya mstari huo chuma ni cha baridi, pengine kimetoka jasho la umande. Mstari huo ni usawa wa gesi iliyobaki. Muuza duka anayemwaga maji ya moto ubavuni mwa mtungi anatafuta mstari huohuo. Na sababu mtungi haujazwi hadi juu, bali kwa takriban asilimia 80 hadi 85, umeshaijua: kimiminika kinatanuka, na kikikosa nafasi hakuna chuma cha kukizuia. Usiuanike juani.

Hewa haina adabu ya kukaa

Chembe za gesi hazijashikana kabisa. Zinaruka huru, zinagonga kuta za chombo, na kugonga huko ndiko presha. Ukiongeza halijoto zinagonga kwa nguvu zaidi. Chombo kikiwa kigumu, presha inapanda. Kikiwa laini, kinavimba. Gesi zina usawa ambao yabisi na vimiminika havina: karibu zote, kwa kila nyuzi moja, huongezeka sehemu 1 kati ya 273 ya ujazo ziliokuwa nao kwenye sifuri. Ukiifuata hesabu hiyo kurudi nyuma unafika nyuzi 273.15 chini ya sifuri, ambako mtikisiko wa chembe umefikia kikomo chake na hakuna baridi zaidi ya hapo. Kipimo cha Kelvin kinaanzia huko.

Tairi lililojazwa presha ya 32 asubuhi kwenye nyuzi 27, likipata moto wa lami na kasi hadi nyuzi 57, litasoma kati ya 36 na 37. Dereva anayeshuka njiani na kupunguza upepo kwa kuhofia kupasuka anajichimbia shimo: tairi likipoa litakuwa na upepo pungufu, na tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi, hupata moto zaidi. Presha ya tairi hupimwa gari likiwa limelala.

Maputo yanayobeba watalii Serengeti na Maasai Mara huruka alfajiri kwa sababu inayofanana. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20, kwenye usawa wa bahari, ina uzito wa kilo 1.2, ikipashwa hadi 100 inabaki kama 0.95. Tofauti hiyo ya robo kilo ndiyo inayobeba kikapu, na kwa kuwa puto lina maelfu ya mita za ujazo, inabeba watu wazima kadhaa na mitungi yao. Kadiri hewa ya nje ilivyo baridi ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Mchana hewa ya nje imeshapashwa na jua, tena imeanza kujipandia yenyewe huku na kule, na rubani hataki ushindani.

Kujipandia huko ndiko kulikojenga miji ya pwani yetu. Jua moja linapiga mchanga na bahari kwa pamoja. Adhuhuri mchanga unakuunguza nyayo, maji ni ya kuogelea. Maji yanahitaji joto karibu mara tano ya lile linalohitajiwa na mchanga mkavu wa uzito uleule ili kupanda nyuzi moja, tena yanajichanganya na ya chini. Joto lile lile, halijoto tofauti. Hewa iliyo juu ya nchi kavu inapata moto, inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda, na ya baharini inaingia kujaza nafasi: upepo wa alasiri.

Likuze hilo hadi ukubwa wa bara. Kiangazi cha kaskazini kikifika, nchi kavu ya Asia inapata moto kuliko Bahari ya Hindi, hewa inapanda huko na kuivuta ya kwetu: ndiyo Kusi. Miezi sita baadaye Asia imepoa, bahari bado ina akiba yake ya joto, mkondo unageuka, tunapata Kaskazi. Majahazi ya Omani, ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliteremka kwa Kaskazi yakarudi kwa Kusi, na nahodha aliyechelewa kupakia alisubiri mpaka mwakani.

Aiskrimu ya Magamba

Mwaka 1963, wanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto, walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa ya kugombea. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, alihofia kukosa, akayaweka maziwa yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa.

Aliuliza, akaambiwa amejichanganya. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haiko kwenye fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa muda mrefu. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaja kuzungumza shuleni. Mpemba akasimama akamuuliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi sawa, vyombo sawa, friza moja, kwa nini yale ya 100 yanaganda kwanza? Wenzake wakacheka.

Ukiwa umefuatana nami hadi hapa unaona kwa nini swali hilo halistahili kicheko. Halijoto ya mwanzo inakuambia umbali wa safari tu. Mwendo unaamuliwa na jinsi joto linavyotoka: maji ya moto yanapoteza sehemu yake kwa mvuke na kubaki machache, yanazunguka kwa nguvu ndani ya chombo, yanaweza kuyeyusha barafu ya kwenye rafu chini ya chombo, yakakaa moja kwa moja kwenye chuma kinachonyonya joto, tena maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, na si yote hufanya hivyo kwa kiasi kimoja. Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao mwaka 1969, na mpaka leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba, ingawa Aristotle naye alishaligusia. Mpemba mwenyewe alikwenda kusomea wanyamapori Mweka. Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walipima kwa uangalifu wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza kupata jibu jingine.

Osborne naye hakuamini alipoulizwa siku ile. Aliahidi kujaribu, akarudi Dar es Salaam, akamkabidhi kazi fundi kijana wa maabara. Fundi akaleta ripoti kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto kweli ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwamba asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.